Nyota Moja Yaweza Kuizamisha Mashua ya Wasini



Siku moja ya kusi, baada ya swala ya alasiri, nilimkuta mtoto wa ndugu yangu amekaa barazani Wasini, simu mkononi, uso umemshuka. Kijana huyu ni nahodha. Mashua yake huchukua wageni kutoka gati la Shimoni kwenda Kisite kutazama pomboo na kuogelea juu ya matumbawe, kisha huwaleta kijijini kwetu kula kaa na wali wa nazi. Nilidhani kuna msiba. Akanipa simu, akaniambia, "Ami, hebu nisomee wewe. Huenda Kiingereza changu ndicho kibovu."

Kiingereza chake hakikuwa na ubovu wowote. Mtu asiyejulikana alikuwa amempa nyota moja katika tano. Chini yake ameandika kwamba alipanda mashua ile Jumamosi iliyopita, hakuona pomboo hata mmoja, mabaharia walikuwa wakali, na chakula kilikuwa kiporo. Nikamuuliza, "Ni kweli haya?" Hakunijibu papo hapo. Aliangalia pwani kwanza, ndipo akasema, "Jumamosi hiyo mashua ilikuwa juu ya magogo, ami. Ilikuwa inakalafatiwa. Wiki nzima haikugusa maji."

Basi kuna mtu alisafiri kwa mashua iliyokuwa nchi kavu.

Ningecheka, lakini hesabu yake haikuwa ya kuchekesha. Siku chache baadaye wakala mmoja wa Diani, ambaye kwa kawaida humletea wageni, alimpigia kumwambia kwamba kundi la watu wanane limeangalia simu na limechagua boti nyingine. Watu wanane si kitu kwa hoteli kubwa. Kwa mashua ya Wasini ni posho ya mabaharia wawili, ni fedha za mafuta ya injini, ni kaa walionunuliwa kwa wavuvi, ni mama wawili waliokuwa wakune nazi na kuwasha jiko. Nyota moja, ya mtu ambaye hatumjui kama ni mgeni aliyekosea jina au ni mwenzetu mwenye choyo, ilifika mpaka jikoni.

Tangu siku ile nimekuwa nikiulizwa na watu wa Shimoni, Mkwiro, Msambweni na Diani: nyota hizi hutoka wapi, nani huzihakiki, na mtu afanye nini anapoonewa? Leo nitajaribu kueleza kwa kadiri ninavyofahamu.

Nani huruhusiwa kuandika?

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba milango ya mitandao hii haifanani. Kwenye Ramani za Google, mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuipa biashara nyota na kuandika maneno. Haulizwi risiti. Haulizwi kama amewahi kufika Kwale. Tripadvisor, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, nayo haimlazimishi mtu kuonyesha kwamba alilipa, ingawa ina mashine na wafanyakazi wa kuchunguza kinachoandikwa. Booking.com ni tofauti: anayeandika ni yule aliyefanya buking kupitia kwao. Airbnb nayo huwaruhusu mgeni na mwenyeji waandikane baada ya mgeni kukaa.

Tofauti hii ya mlango ina maana kubwa. Mwaka 2014 watafiti watatu, Dina Mayzlin, Yaniv Dover na Judith Chevalier, walitoa utafiti uliolinganisha maoni ya hoteli zile zile za Marekani katika mitandao miwili: Tripadvisor, ambako yeyote huandika, na Expedia, ambako ni lazima uwe umelipia chumba. Waligundua kwamba hoteli yenye mpinzani jirani yake hupata maoni mabaya zaidi kwenye mlango ulio wazi kuliko kwenye mlango unaodai malipo. Pia hoteli ndogo za watu binafsi zilikuwa na dalili zaidi za kujisifu zenyewe kuliko zile za makampuni makubwa. Kwa Kiswahili cha barazani: jirani humchafua jirani, na mdogo hujipaka mafuta mwenyewe. Tusidhani hayo ni ya Wazungu peke yao.

Hesabu inayomwonea mdogo

Jambo la pili ni hesabu. Nyota unazoziona kando ya jina la biashara kwa kawaida ni wastani. Chukua mashua yenye maoni 12 tu, na wote 12 wametoa nyota tano. Wastani ni tano kamili. Akija mmoja wa nyota moja, wastani unashuka hadi 4.7. Wakifika watatu wa nyota moja, umeshuka hadi 4.2. Sasa ili urudi 4.7, nahodha huyo anahitaji wageni wengine 25, kila mmoja aridhike, kila mmoja akumbuke kuandika, na kila mmoja atoe nyota tano bila kukosa. Mashua ndogo katika miezi ya kusi yaweza kuchukua muda mrefu mno kuwapata 25 wenye kuandika.

Chukua upande wa pili hoteli yenye maoni 800 ya nyota tano. Watu watatu wakitoa nyota moja, wastani bado ni 4.99, na kwenye simu huenda ukaandikwa tano. Uwongo ule ule, watu wale wale watatu, lakini mmoja amekwaruzwa na mwingine amevunjwa mguu.

Na fedha hufuata nyota. Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard aliangalia mikahawa ya jimbo la Washington na nyota zake katika mtandao wa Yelp. Katika andiko lake la mwaka 2011 alionyesha kwamba nyota moja zaidi huongeza mapato ya mkahawa kwa asilimia 5 hadi 9. Lakini athari hiyo ilikuwa kwa mikahawa ya watu binafsi. Ile yenye majina makubwa yanayojulikana kila mahali haikutikisika. Sababu yake si ngumu. Jina kubwa mtu analijua kabla hajatoka kwao. Mashua ya Wasini au banda la samaki la Msambweni mgeni hana namna ya kulijua isipokuwa kwa kuuliza, na siku hizi kuuliza ni kuangalia simu.

Ongeza na tabia ya binadamu. Mtu aliyefurahi kiasi hupanda gari akaenda zake. Anayeandika mara nyingi ni aliyefurahi kupita kiasi au aliyekasirika. Wale wa katikati, ambao ndio wengi na ndio wenye habari yenye mizani, hunyamaza.

Uwongo una sura nyingi

Tunaposema maoni si ya kutegemewa, si kila mara tunamaanisha kuna mtu mwovu amekaa gizani. Nimekaa na manahodha na akina mama wanaopikia wageni, tukayapitia maoni yao moja moja. Nilichokiona ni hiki.

Kuna makosa ya jina. Hapa kwetu boti nyingi zinafanana, safari ni ile ile, na jina "Wasini" limo katika kila ubao. Mgeni aliyekerwa na boti moja anafungua ramani, anaona jina linalofanana, anamwaga hasira zake hapo. Si mwongo, lakini amempiga asiyehusika.

Kuna lawama ya dalali. Mgeni ananunua safari ufuoni Diani kwa bichi boi au kwa wakala. Anaahidiwa pomboo kwa hakika, chakula bila kikomo na gari la kiyoyozi. Bei inaongezwa kila mkono unapopita. Anafika Shimoni akiwa amelipa fedha nyingi ambazo nahodha ameona kipande chake tu. Ahadi isipotimia, anayeandikwa si dalali ambaye hana jina kwenye ramani. Anayeandikwa ni nahodha mwenye mashua na mama mwenye meza.

Kuna lawama ya serikali na ya Mola. Kisite ni hifadhi ya taifa ya bahari tangu miaka ya 1970, na pamoja na akiba ya Mpunguti inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kiingilio ni cha serikali, si cha nahodha. Lakini mgeni ambaye hakuelezwa mapema anaona "wameniongezea bei baharini" na anatoa nyota moja. Vivyo hivyo na bahari. Anayekuja wakati wa kaskazi hukuta maji yametulia, meupe mpaka chini. Anayekuja kusi kimekaza hukuta mawimbi na maji yaliyovurugika. Nahodha ni yule yule. Na kisiwa chetu hakina mto wala chemchemi ya maji matamu. Wazee wetu wameishi kwa maji ya mvua waliyoyakinga wenyewe. Mgeni anayetaka kuoga chumvi kwa bomba kama yuko hotelini hukasirika akipewa kata na ndoo, na hasira hiyo huwa nyota.

Kisha kuna uwongo wenyewe. Mpinzani anayefungua akaunti tatu ili kumchafua mwenzake. Mwenye biashara anayewaambia mashemeji na marafiki wamwandikie sifa za safari ambayo hawakwenda. Mgeni anayesema, "Nipunguzie bei, ama nitakuandika." Hili la mwisho nimelisikia kwa zaidi ya mmoja, na linaumiza kwa sababu mwenyeji hana pa kushika. Mgeni ameshapanda ndege kabla wewe hujajua alichoandika.

Kibanda kilichoongoza London

Msomaji akidhani haya ni mambo ya kijijini tu, nimpe kisa cha London. Mwaka 2017 mwandishi mmoja kijana, Oobah Butler, ambaye zamani alikuwa akilipwa kuwaandikia wenye mikahawa sifa za uwongo, aliamua kujaribu jambo. Alisajili Tripadvisor mkahawa uitwao The Shed at Dulwich. Mkahawa huo haukuwepo. Kilichokuwepo ni kibanda tu. Picha za chakula alizitengeneza kwa vitu visivyoliwa, mojawapo ikiwa povu la kunyolea ndevu. Marafiki zake wakaandika sifa. Watu wakaanza kupiga simu, naye akawaambia hakuna nafasi. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kutaka. Ilipofika Novemba mwaka huo, kibanda hicho kilikuwa nambari moja kati ya mikahawa zaidi ya 18,000 ya London. Hakuna aliyekuwa ameonja hata tonge.

Tripadvisor wenyewe hawafichi kwamba tatizo lipo. Katika ripoti yao ya mwaka 2023 walisema kwamba mwaka uliotangulia walikamata maoni ya bandia yapatayo milioni 1.3. Hayo ni yaliyokamatwa. Na uwongo huu ni biashara ya watu. Mwaka 2018 mahakama ya Lecce, kusini mwa Italia, ilimhukumu mtu kifungo cha miezi tisa kwa kuendesha kampuni iliyowauzia wenye hoteli na mikahawa maoni ya kubuni.

Sisi wa Pwani tunaujua uzito wa neno linalosemwa mbali. Mei 2014 Uingereza ilipotoa onyo la usafiri kwa eneo la kutoka mkono wa bahari wa Mtwapa hadi Tiwi, watalii waliondolewa kwa ndege wakaenda kwao. Diani haikuwemo katika onyo lile. Lakini aliyeko Manchester hajui Tiwi inaishia wapi na Diani inaanzia wapi. Alisikia "Mombasa" akafunga safari. Nyota moja ni onyo dogo la aina hiyo, lakini halitolewi na serikali, halina tarehe ya kwisha, na hakuna balozi wa kwenda kumwomba aliondoe.

Pale nyota inapohatarisha roho

Hapa ndipo panaponitia hofu zaidi, na ndipo nataka wasomaji wangu wapaangalie vizuri.

Pomboo ni wanyama wa porini. Bahari ndiyo pori lao. Kanuni za kuwatazama zinajulikana: usiwakimbize, usiwapitie katikati, usiwazingire kwa boti nyingi, usimwachie mgeni awarukie. Lakini nahodha aliyeandikwa "hatukuona pomboo, nyota moja" hukaa usukani siku ya pili akiwa na maneno hayo kichwani. Akiona pezi moja linatokeza, atakwenda mbio. Akiona boti mbili zimeshawafikia, atajisogeza awe wa tatu, kisha wa nne. Pomboo wasiopumzika huhama. Wakihama Kisite, hakuna nyota itakayotusaidia, maana hakutakuwa na cha kutazama.

La pili ni hali ya bahari. Kuna asubuhi nahodha mzoefu hutazama mawingu na mkondo akasema leo hatutoki nje ya mwamba. Zamani neno hilo halikuwa na ubishi. Sasa anajua kwamba mgeni aliyelipa na kurudishwa huenda akaandika. Nahodha mmoja wa Shimoni aliniambia kwa ulimi wake, "Naogopa nyota moja kuliko wimbi." Alisema kama mzaha. Mimi sikucheka. Wimbi halisomi Kiingereza, na aliyezama hana wa kumwomba afute.

Kwa hivyo jambo hili si la fedha pekee. Maoni yasiyo na uadilifu humfundisha mwenye biashara kumpendeza mgeni hata pale anapopaswa kumkatalia.

Tusijisafishe sana

Baada ya kusema hayo, nitakuwa mwongo nikisema kila nyota moja ni uonevu. Nimesoma malalamiko ambayo, wallahi, ni ya haki. Jaketi za kujiokolea zilizopasuka. Boti iliyojazwa kupita kiasi. Vijana wa gatini wanaomzonga mgeni kabla hajashuka garini. Choo kisichoingilika. Bei inayobadilika kati ya asubuhi na mchana. Mgeni anayeyasema hayo ametufanyia hisani, maana sisi wenyewe tumeyazoea hatuyaoni.

Na ukweli mwingine: nyota hizi zimewanyanyua wengi wadogo. Zamani bila kujuana na mameneja wa hoteli za Diani hukupata mgeni. Leo akina mama wa Wasini wanaoendesha njia ya mbao inayopita juu ya mikoko na matumbawe ya kale wanaweza kujulikana na mtu aliyeko Nairobi au Ujerumani bila kumlipa dalali. Simu imewafungulia mlango. Ndiyo sababu inafaa tuulinde mlango huo usichafuliwe, na sisi wenyewe tuwe wa kwanza kutouchafua.

Dini yetu ilitangulia

Baadhi ya vijana huniambia, "Kununua nyota si kosa, kila mtu anafanya." Nawakumbusha jambo ambalo mafundi wa sheria ya Kiislamu walilizungumza kabla ya intaneti kwa karne nyingi. Linaitwa najshi. Maana yake ni mtu kusimama sokoni akapandisha bei ya kitu au kukisifu, hali hana nia ya kukinunua, ili amhadae mnunuzi. Mtume, rehma na amani zimshukie, alikataza. Sasa niambie: mtu aliyeko Mombasa anayelipwa kusifu kaa ambaye hakumla, katika mashua ambayo hakuipanda, tofauti yake na yule wa sokoni ni nini? Ni simu tu.

Na anayemchafua jirani yake kwa akaunti ya bandia, huo ni ushahidi wa uwongo, na uzito wa dhambi yake kila aliyepita chuoni anaujua. Upande wa msomaji pia tumeelekezwa: Suratul Hujurat inatutaka tuhakiki habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Anayesoma nyota na kuzisadiki bila kuchunguza naye ana sehemu yake.

Sheria zasemaje?

Wenzetu wameanza kukaza. Marekani ilitoa kanuni mwaka 2024, iliyoanza kutumika Oktoba mwaka huo, inayokataza kuuza na kununua maoni ya bandia na inayoruhusu faini. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 2024, imeyaharamisha maoni ya bandia tangu Aprili 2025.

Hapa Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidika na bidhaa au huduma, na tunayo Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya mwaka 2012. Kwa hivyo mwenye biashara anayejisifu kwa uwongo asidhani yuko salama. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kusema, lakini kinamtaka aheshimu haki na sifa za wengine. Hayo ni mazuri kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba aliyeandika yuko Ulaya, kampuni yenye mtandao iko Marekani, na aliyeumizwa yuko Wasini akingoja maji yajae ili avuke. Mahakama iko mbali na nauli ni ghali. Kwa sababu hiyo dawa ya karibu ni ile tuliyo nayo mikononi.

Tufanye nini?

Kwa wenye biashara, nina mambo machache.

Kwanza, dai jina lako. Biashara nyingi za kwetu zimewekwa kwenye ramani na wageni, mwenyewe hana habari. Kujisajili kama mmiliki kwenye Google na Tripadvisor ni bure. Ukishathibitishwa unaweza kujibu, kuweka picha za kweli, na kurekebisha jina ili lisichanganywe na la jirani.

Pili, sema mapema. Kabla mgeni hajapanda, mwambie bila kumung'unya: pomboo hatuwaahidi, kiingilio cha hifadhi ni hiki na ni cha serikali, leo bahari iko hivi, maji ya kisiwani ni ya kuhesabu. Mgeni aliyeambiwa kweli gatini hashtuki baharini. Na dalali anayeahidi usichonacho, mkatae hata kama ana watu kumi.

Tatu, weka daftari. Tarehe, idadi ya abiria, nani aliwaleta, mashua ilitoka au haikutoka. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa na picha za mashua juu ya magogo zenye tarehe. Alijibu chini ya maoni yale kwa mistari minne, kwa adabu: kwamba siku hiyo mashua ilikuwa kwenye matengenezo, kwamba huenda mgeni amekosea jina, na kwamba yuko tayari kuongea naye. Kisha akayaripoti kwa wenye mtandao. Hadi ninapoandika, hayajaondolewa. Lakini mgeni wa kesho akisoma lawama atasoma na jibu, na mara nyingi jibu la upole ndilo huamua. Anayejibu kwa matusi amemthibitisha aliyemlaumu.

Nne, waombe wote waandike, si wale waliocheka peke yao. Usiwape soda wala punguzo la bei ili watoe nyota tano. Mitandao yenyewe inakataza, na ukikamatwa jina lako litachafuka kuliko hiyo nyota moja.

Tano, hili ni la wazee wa boti na vikundi vyetu vya ufuoni: tukae kikao tukubaliane kwamba atakayejulikana kumchafua mwenzake mtandaoni atachukuliwa kama aliyemkatia mwenzake kamba ya nanga. Wasini ni ndogo. Tunazikana, tunaozana. Hatuwezi kusalimiana msikitini kisha usiku tukatiana sumu kwenye simu.

Kwako msomaji unayetafuta mahali pa kula au boti ya kupanda na watoto wako: usitazame wastani peke yake. Angalia idadi ya walioandika. Angalia tarehe, maana kaskazi na kusi si mamoja. Soma nyota tatu na nne, huko ndiko wenye mizani hukaa. Tafuta maelezo yenye vitu: jina la chakula, saa, hali ya bahari. Sifa tupu na matusi matupu yote ni mepesi. Mfungue aliyeandika, uone ameandika wapi kwingine. Mtu mwenye akaunti ya jana na neno moja tu maishani, mtilie shaka. Kisha soma jibu la mwenyewe.

Na ukihudumiwa vizuri na mama wa samaki Gazi au nahodha wa Mkwiro, usiishie kusema "Mungu akubariki." Andika. Andika kwa Kiswahili, hakuna ubaya. Tumewaachia wageni wa siku moja kutuandikia sisi ni nani, na wenyeji tumekaa kimya. Ukikosewa, mwambie mwenyewe kwanza, mpe nafasi ya kurekebisha. Asiposikia, andika kilichotokea kama kilivyotokea, bila kuongeza chumvi. Huo nao ni ushahidi, na utaulizwa.

Juzi nilipopita Shimoni nilimwona yule kijana akiwapakia wageni wanne, watu wa Nairobi. Kabla hajatia injini moto alisimama akawaambia, "Pomboo siwaahidi. Bahari na jaketi mtapata." Wakacheka, wakavaa jaketi zao, wakatoka.

Wabillahi tawfiq.